Kurekodi mechi za PS kwa kapcha kadi ya bei nafuu: mambo ya kujua kabla ya kushuka Luthuli

Kila anayeendesha kibanda cha PS Gatina, Kabiro au Kangemi anaijua alasiri ya aina hii. Ni Jumamosi, fainali ya mpira inachezwa, wachezaji wanane wamelipa kiingilio, na mechi imefika dakika ya 80 na kitu. Stima inapotea. Inaporudi baada ya nusu saa, PS4 inawaka upya na mechi haipo. Mmoja anasema alikuwa akiongoza 2-1. Mwenzake anaapa kwamba alikuwa amesawazisha kabla tu ya giza. Waliokuwa wakitazama wamegawanyika kwa kufuata urafiki. Mwenye kibanda amebaki na pesa za watu mkononi na hana la kuonyesha.

Kipo kifaa kidogo, karibu ukubwa wa flashi, ambacho kingemaliza ubishi huo kwa dakika moja. Vijana wanakiita kapcha kadi. Kinapokea picha na sauti inayotoka kwenye PS au Xbox kupitia kebo ya HDMI, kisha kinaipeleka kwenye kompyuta kupitia USB, na kompyuta inairekodi. Kadi za bei ya chini hupatikana katika maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue na mitaa iliyo karibu nayo, na kwa kawaida haziziti Sh2,500. Kadi za kampuni zenye jina kubwa zinaweza kupita Sh20,000.

Sababu ya pili ya kurekodi ni kuonekana. Mwaka wa 2018, Sylvia Gathoni, anayejulikana katika mchezo wa Tekken kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya UYU ya Marekani. Tangu hapo vijana wengi wa jiji hili wamejua kwamba uchezaji wa gemu unaweza kumfikisha mtu mbali. Lakini timu za ng'ambo hazitapanda matatu ya 46 kuja Kawangware kukutazama. Anayetaka kutazamwa lazima awe na video.

Hata hivyo, wengi hununua kadi, wanafika nyumbani, wanaunganisha, na wanaona skrini nyeusi. Wengine wanapata picha inayokatakata na kudhani wameuziwa kifaa kibovu. Mara nyingi kadi ni nzima. Kilichokosekana ni maelezo, na hayo ndiyo tunayoyatoa hapa.

Je, unaihitaji kweli?

Anza na swali hili, kwa sababu huenda usitumie hata shilingi. PS4 ina uwezo wake wa kurekodi. Bonyeza kitufe cha Share mara mbili kwa haraka na rekodi inaanza, bonyeza tena mara mbili na inakoma. Kwa kawaida huhifadhi dakika 15, na unaweza kuongeza hadi dakika 60 kwenye mipangilio. Kisha unanakili video kwenye flashi. PS4 ya kawaida hurekodi kwa ubora wa 720p. PS5 nayo ina kitufe cha Create kinachofanya kazi hiyo hiyo kwa ubora wa juu zaidi. Ikiwa unachotaka ni mabao yako mazuri ya kuweka kwenye WhatsApp, hayo yanatosha, na pesa zako zibaki mfukoni.

Kadi inakuwa na maana pale ambapo PS yenyewe haifiki. Ukitaka kurekodi mashindano ya saa 3 bila kukatiza, ukitaka kutangaza moja kwa moja ukiwa umeweka majina ya wachezaji juu ya picha, au ukiwa na mashine isiyorekodi kama PS2 na Xbox 360, utahitaji kadi. Nintendo Switch hurekodi sekunde 30 tu. Na ukirudi kwenye ile fainali yetu, rekodi iliyo ndani ya PS4 si ya kutegemea stima inapokatika, kwa kuwa mashine inayorekodi ndiyo hiyo hiyo iliyozimika.

Kinachoandikwa kwenye pakiti

Pakiti nyingi za kadi hizi zimeandikwa «4K» kwa herufi kubwa, na pengine «USB 3.0». Usitishike. Hiyo 4K ni picha ambayo kadi inaweza kuipokea. Inayotoka kwenda kwenye kompyuta ni 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde, au 720p kwa fremu 60. Na kadi nyingi za bei hiyo ndani yake ni USB 2.0, hata kama plagi imepakwa rangi ya buluu.

Sababu yake ni hesabu tu. USB 2.0 ina upana wa megabiti 480 kwa sekunde, na hata hizo hazitumiki zote. Picha ya 1080p ya fremu 60 isiyobanwa inahitaji karibu megabiti 2,000 kwa sekunde. Haipiti, kama vile basi lisivyoweza kupita kwenye kichochoro. Kwa hiyo kadi huibana kila fremu kwa njia iitwayo MJPEG kabla ya kuituma. Kompyuta yako ikichagua njia isiyobanwa, na wakati mwingine huichagua bila kukuuliza, utapata fremu 5 au 10 kwa sekunde, na mpira utaonekana ukiruka kutoka mahali hadi mahali. Hiyo ndiyo ile «kadi mbovu» ambayo watu hurudisha dukani.

Ushauri wetu kwa mechi za mpira na za kupigana ni 720p kwa fremu 60. Picha si kali kama ya 1080p, lakini mwendo ni laini, na mwendo ndio unaotafutwa. Kwa gemu za polepole, chukua 1080p kwa fremu 30.

Ukiwa dukani, omba kadi ijaribiwe mbele yako, ikiwezekana kwenye laptopu yako mwenyewe. Kadi hizi hazihitaji programu ya kuziwezesha: ukichomeka, kompyuta huitambua kama kamera ya kawaida. Duka lenye king'amuzi au mashine yoyote ya HDMI linaweza kukuonyesha kwa dakika mbili kama picha inapita. Chukua risiti yenye jina la duka na tarehe, na uulize kabla ya kulipa ni siku ngapi unaruhusiwa kurudisha. Muuzaji anayekataa kujaribu kifaa cha Sh2,000 amekwisha kukupa jibu.

Kuunganisha

Kadi nyingi za bei nafuu zina tundu moja tu la HDMI. PS ikiingia kwenye kadi, runinga haipati kitu, na mchezaji atalazimika kutazama skrini ya laptopu. Hapo ndipo watu hukosea. Picha hufika kwenye laptopu ikiwa imechelewa, mara nyingi sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Inasikika ndogo. Lakini Tekken huenda kwa fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo sehemu ya kumi ni fremu 6, na ngumi ya haraka ya wapiganaji wengi wa mchezo huo hufika baada ya fremu 10. Mchezaji anayetazama laptopu huona mkono ukiinuka ukiwa umebaki muda mfupi mno wa kujikinga.

Suluhisho ni splita ya HDMI, kijisanduku chenye mlango mmoja wa kuingilia na miwili ya kutokea. Kebo kutoka PS inaingia kwenye splita, kebo moja inatoka kwenda runinga ambako mchezo unachezwa, na nyingine inaenda kwenye kadi. Nunua splita yenye waya wake wa umeme, kwa sababu zisizo na umeme husumbua. Zipo pia kadi zenye tundu la pili la kupeleka picha kwenye runinga. Zinagharimu zaidi kidogo, na kama bajeti inaruhusu ni afadhali kuchukua hizo kuliko kuongeza kebo na kijisanduku kwenye meza ambayo tayari imejaa.

Kwenye PS5, punguza ubora wa picha hadi 1080p na uzime HDR. Kadi ya bei nafuu haipokei 4K ya fremu 60, na HDR hufanya rangi zionekane kama nguo iliyofuliwa mara nyingi.

Skrini nyeusi

Umeunganisha kila kitu, runinga inaonyesha, laptopu ni nyeusi. Tatizo kwa kawaida ni HDCP, kinga iliyowekwa kwenye HDMI ili watu wasinakili filamu. PS4 na PS5 huiwasha zikitoka kiwandani, lakini Sony wameweka njia halali ya kuizima kwa ajili ya gemu. Kwenye PS4 fungua «Settings», kisha «System», na uondoe alama kwenye «Enable HDCP». Kwenye PS5 ni «Settings», «System», «HDMI», kisha «Enable HDCP». Baada ya hapo programu za filamu zitakataa kucheza mpaka uirudishe, na hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Xbox na Nintendo Switch haziwashi kinga hiyo wakati wa kucheza gemu, kwa hiyo hazina shida hii.

PS3 ni kesi nyingine. HDCP yake haizimiki kwenye HDMI, na mtu yeyote anayekuambia kuna kitufe mahali fulani anakupotezea muda. Itabidi utumie waya za zamani za AV, zile za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu, pamoja na kibadilishi cha AV kwenda HDMI. Picha itakuwa hafifu. Njia hiyo hiyo inafaa kwa PS2.

Kuna wauzaji watakaokushawishi kwamba splita fulani «huvunja» kinga hiyo. Elewa kwamba Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inakataza kukwepa kinga za kiufundi zinazolinda kazi za watu, na kurekodi filamu au mechi ya runinga ya kulipia kwa kadi hii ili uuze au uonyeshe watu kunaweza kukuingiza matatani. Maelezo haya ni ya gemu tu.

Programu

OBS Studio ni programu ya bure, na ndiyo inayotumiwa na wengi, wakubwa kwa wadogo. Matoleo ya sasa yanahitaji Windows 10 au zaidi. Kama laptopu yako bado ni ya Windows 7, toleo la mwisho linalokubali ni 27.2.4, nalo linatosha kwa kazi hii. Ipakue kwenye tovuti ya OBS wenyewe. Ukikuta mahali panapoiuza, ujue unauziwa kitu cha bure, pengine na virusi juu yake.

Ndani ya OBS, ongeza chanzo kiitwacho «Video Capture Device» na uchague kadi yako, ambayo mara nyingi hujitambulisha kama «USB Video». Usiache mipangilio ijichague yenyewe. Weka 1280x720, fremu 60, na kwenye «Video Format» chagua MJPEG. Hapo ndipo lile tatizo la fremu 5 linapoisha. Kama husikii sauti, shuka kwenye dirisha hilo hilo, washa «Use custom audio device» na uchague jina lenye maneno «USB Digital Audio». Katika baadhi ya kadi hizi sauti hutoka kama ya spika moja. Hilo ni umbile la kadi yenyewe, usihangaike nalo.

Laptopu za mitumba zenye kichakataji cha Intel Core i5 huweza kazi hii vizuri ukichagua usimbaji wa vifaa, unaoitwa QuickSync kwenye orodha ya OBS, badala ya ule wa x264 unaochosha kompyuta. Weka kasi ya biti 6,000. Kwa kiwango hicho, saa 1 ya rekodi huchukua takriban gigabaiti 2.7, na mashindano ya saa 3 hupita gigabaiti 8. Angalia nafasi kwenye diski kabla ya mechi ya kwanza, si katikati ya nusu fainali.

Simu ya Android nayo inaweza kupokea kadi kupitia adapta ya OTG na programu ya kamera za USB. Kwa majaribio ni sawa. Kwa mashindano, betri na joto la simu havitakupeleka mbali.

Stima ikipotea

Tumerudi pale tulipoanza. Kadi hula umeme wa USB ya laptopu, na laptopu ina betri. Stima ikikatika, PS na runinga huzimika lakini OBS inaendelea, na fremu ya mwisho kabla ya giza imeshaingia kwenye rekodi ikiwa na matokeo na saa ya mchezo pembeni ya skrini. Kwa hiyo hakikisha betri ya laptopu inashika chaji. Laptopu iliyokufa betri, inayoishi kwa chaja tu, haikusaidii chochote hapa, na kompyuta ya mezani itahitaji UPS.

Jambo la pili ni aina ya faili. Kwenye mipangilio ya OBS, sehemu ya kurekodi, chagua mkv, usichague mp4 ya kawaida. Faili ya mp4 ya kawaida hukamilishwa mwishoni, kompyuta ikizimika kabla ya kubonyeza kitufe cha kusimamisha, rekodi nzima ya saa 2 inaweza isifunguke tena. Faili ya mkv huhifadhi kila kilichoingia hadi sekunde ya mwisho. Baadaye OBS yenyewe inaweza kuigeuza kuwa mp4 kwa kubonyeza «Remux Recordings», bila kupunguza ubora.

Fanya jaribio kabla ya siku yenyewe. Rekodi dakika 2, kisha chomoa kebo ya HDMI kwenye PS ukiona matokeo yakiwa kwenye skrini, halafu fungua faili uone kama yanasomeka. Usijaribu kwa kuchomoa PS kwenye umeme, hiyo inaharibu data za wachezaji.

Rekodi pia haitamaliza ubishi kama sheria haikuwekwa mapema. Andika ukutani kabla ya kupokea kiingilio: stima ikipotea, je, matokeo yaliyorekodiwa yanasimama, au dakika zilizobaki zinachezwa na mabao yanajumlishwa? Tunaona la pili ni la haki zaidi, hasa ikiwa imebaki nusu mechi. Lolote mtakalochagua, liwe limeandikwa kabla ya bao la kwanza.

Nyuso na sauti za watoto

Kapcha kadi yenyewe hairekodi chumba. Inarekodi kinachotoka kwenye PS tu. Mambo hubadilika unapoongeza kamera au maikrofoni, na wengi huongeza, kwa sababu furaha ya bao iko usoni mwa mfungaji.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahitaji idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso wake ni mojawapo. Hili si tishio la karatasi. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Wakati huo huo klabu moja ya burudani hapa Nairobi ilitozwa Sh1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Kibanda cha PS hakina pesa za aina hiyo.

Kwa watu wazima, waulize na wakubali kabla ya kamera kuwashwa. Kwa watoto, ama mzazi akubali kwa maandishi, ama kamera na maikrofoni zizimwe na mechi irekodiwe peke yake. Majina ya akaunti yanayotokea kwenye skrini nayo yaangaliwe, kwani wapo watoto wanaotumia majina yao kamili. Na kwa wenye vibanda wanaopokea wanafunzi wakati wa masomo: faili ya OBS hupewa jina kwa tarehe na saa. Rekodi ya Jumanne saa 4 asubuhi yenye sauti ya mtoto wa Gredi ya 6 ni ushahidi, na si wa kukusaidia wewe.

Muziki ulio ndani ya gemu za mpira una wenyewe. Ukipandisha video YouTube, mfumo wao huutambua na unaweza kuzima sauti au kuchukua mapato ya tangazo. Zima muziki kwenye mipangilio ya gemu na uache kelele za uwanja na mtangazaji.

Kupandisha mechi ya dakika 15 kutakula takriban megabaiti 675 za bando, kwa hiyo kata kwanza yale yasiyohitajika. Rekodi za mashindano zihifadhiwe mpaka washindi wote wawe wamelipwa na muda wa kulalamika mliouandika ukutani uwe umepita. Baada ya hapo zifute, au mpe kila mchezaji mechi yake kwenye flashi aende nayo.